Kwenye Kimo cha Binti: Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya ya Taharuki ya Mama na Binti Mjini Goma

Wataalamu wa volkano duniani wana neno moja walilolichukua kutoka kwetu bila kulibadilisha, nalo ni mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka ardhini, isiyo na rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama mahali pa chini, kwenye mashimo na vibonde kati ya mawe meusi, hasa upande wa magharibi wa mji wa Goma karibu na Ziwa Kivu, na hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Mtu mzima anaweza kupita hapo akiwa amesimama, kichwa chake kikiwa juu ya ile gesi, asihisi lolote, huku mbuzi au mtoto anayemfuata nyuma akianguka.

Ninaanza na mazuku kwa sababu sijaona njia bora ya kueleza kazi iliyo mbele ya mwandishi wa riwaya ya taharuki kuhusu mama na binti yake. Katika hadithi ya aina hii, hatari hukaa kwenye kimo cha binti tu. Jirani, mchungaji, shangazi, na hata msomaji katika kurasa thelathini za kwanza, wote hupita wima na kusema kwamba hewa ni safi. Mwongozo huu umekusudiwa kwa anayetaka kutunga riwaya fupi, tuseme ya maneno elfu arobaini, itakayotendeka Goma na kusomwa na watu wanaoijua Goma.

Hatua ya kwanza: amua mama anamhitaji binti kwa nini

Waandishi wengi huanza na siri, kama vile kaburi lisilo na jina, barua iliyofichwa au baba asiyetajwa. Siri hupatikana kwa urahisi. Kinachosumbua ni kujua haja iliyomfanya mama aitunze. Chukua karatasi uandike sentensi inayoanza na maneno "Bila binti huyu, mama…", kisha uimalize pasipo kutumia neno upendo. Bila binti huyu, mama atalala peke yake na tarehe fulani. Bila binti huyu, mama ni mwanamke aliyemwacha mtoto barabarani. Andika sentensi ishirini za namna hiyo, uchague ile inayokutia aibu wewe mwenyewe uliyeiandika, na uibandike ukutani, kwa sababu kila tendo la mama katika riwaya litatoka humo.

Kwa upande wa binti, kuna jambo la kujifunza kutoka kwa Mary Ainsworth, mwanasaikolojia ambaye miaka ya 1954 na 1955 aliwatembelea akina mama na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto aliyetulia humtumia mama kama kituo: hutambaa mbali, huchunguza vitu, hugeuka kuhakikisha kwamba mama bado yupo, kisha huendelea. Wengine walilia sana hata walipokuwa wamebebwa na mama zao. Ninachokitoa humo kwa ajili ya mtunzi ni hiki: binti aliyejeruhiwa na mama si lazima awe binti anayemchukia mama. Mara nyingi ni yule asiyeweza kufika kona ya barabara bila kugeuka nyuma. Mtume binti yako wa miaka kumi na tisa akanunue makaa, umhesabie anageuka mara ngapi, na umwulize anatazama nini: kama mama bado yupo, au kama mama anamwona.

Hatua ya pili: mama anaitwa nani

Hapa kwetu mwanamke akishajifungua kifungua mimba, jina lake la kuzaliwa huanza kufifia, naye huwa Mama Fulani mpaka azeeke. Desturi hii, ambayo tunaitumia kila siku bila kuifikiria, ni hazina kwa mwandishi wa taharuki. Chukua mwanamke aitwaye Mama Bahati. Bahati, kwa wanavyojua majirani, amekufa zamani. Ndani ya nyumba amebaki msichana aitwaye Furaha, na kila siku, kuanzia asubuhi, tangu alipojifunza kusikia, Furaha husikia watu langoni wakimwita mama yake kwa jina la asiyekuwepo. Hakuna aliyemkosea, na wanaoita wanaita kwa heshima kamili. Hata hivyo, kila salamu inamwambia kwamba yeye si yule aliyemfanya mwanamke huyu kuwa mama.

Itumie desturi hii kwa uchoyo, kwa maana ya kuibana mpaka wakati wake ufike. Mahali fulani katikati ya kitabu, mtu asiyeijua familia, labda muuguzi mgeni, aite "Mama Furaha!" ukumbini, na mama asigeuke. Usieleze kwa nini hakugeuka. Furaha ndiye amguse bega.

Nashauri pia usimpe binti jina la kumlaumu, kama Mateso au Shida, ingawa majina hayo hutolewa kweli kwa watoto waliozaliwa nyakati mbaya. Jina la furaha katika nyumba isiyo na furaha linafanya kazi zaidi na halipigi kelele.

Hatua ya tatu: chagua mwaka, kwa sababu Goma haikubali hadithi isiyo na tarehe

Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, mlima wa volkano Nyiragongo ulilipuka, lava ikashuka mpaka katikati ya mji na kuingia ziwani, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia kwa miguu, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Katika msongamano ule, mikono iliachana. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulilipuka tena. Safari hii lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege bila kufika katikati ya mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku kwa siku, barabara zikapasuka, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 27 Mei, Alhamisi nyingine, serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, kwa hofu kwamba moto ulikuwa chini ya mji na chini ya ziwa lenyewe. Wengi waliifuata barabara ya kwenda Sake, magharibi mwa Goma.

Kati ya Alhamisi hizo mbili kuna miaka kumi na tisa na miezi minne. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni katika safari ya kwanza ni msichana mtu mzima katika ya pili, naye anatembea kando ya mama yuleyule, akiwa na uwezo wa kuuliza maswali. Sidhani kama kuna mtunzi angeweza kubuni mpangilio mzuri kuliko huu.

Wapo watakaotaka kuiweka hadithi mwaka 2025, baada ya mji kuingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari. Inawezekana, lakini ujue unachokipoteza. Vita humpa mama udhuru wa kila kitu. Akifunga lango saa kumi na moja jioni na kuuficha ufunguo, msomaji atamsamehe mara moja, kwani nani hakufunga lango? Mwaka 2021, katika siku za kawaida kabla ya mlipuko, lango lililofungwa mchana linahitaji maelezo, na maelezo hayo ndiyo hadithi.

Hatua ya nne: jenga nyumba ya mbao, kisha itii

Riwaya nyingi za taharuki za Ulaya na Marekani huanza kwa kuwatenga wahusika katika nyumba ya mbali msituni au kisiwani, ambako mtu akipiga kelele hasikiki. Mwandishi wa Goma anayeiga hilo atamjengea mama jumba lenye ukuta mrefu kando ya ziwa, Himbi, na hadithi itakuwa imekufa kabla haijaanza. Weka nyumba yako Birere, Majengo au Mabanga: kuta za mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, paa la mabati, uzio ambao jirani huongea nawe kupitia matundu yake. Kila neno linasikika. Kikohozi cha usiku kinaulizwa habari asubuhi.

Sheria inayotokana na kuta hizo ni kwamba ukatili wa mama lazima uwe wa aina inayoweza kusikika na majirani bila kutambulika. Mama hawezi kupiga kelele wala kutukana, na kwa sababu hiyo anatisha. Rasimu yangu ya kwanza ya hadithi kama hii ilikuwa na mama aliyesema, "Ukiondoka nitakuua." Rafiki yangu mmoja, mama wa watoto watano, aliisoma akanirudishia karatasi akisema kwamba mwanamke huyo hamwogopi hata kidogo, angekwenda kumshitaki kwa kiongozi wa mtaa na mambo yangeishia hapo. Nililifuta lile neno, nikakaa wiki nzima nikitafuta mahali ambapo mama na binti hukaa karibu sana mbele ya watu wote bila mtu kushangaa. Nilichokipata ni kusukana.

*Mama alikaa kwenye kiti, Furaha chini, mabega yake kati ya magoti ya mama. Kitana kiligawanya nywele katikati. Nje, kijana wa chukudu alikuwa akipakua mifuko ya makaa, na jirani aliyekuwa akipita na bidoni lake la maji alisimama penye uzio.*

*"Mama Bahati, unamusuka mutoto?"*

*"Namusuka. Kesho anaenda kujiandikisha masomo, apendeze."*

*Jirani alicheka, akapita. Mama alishika fungu la nywele juu ya sikio, akalivuta taratibu mpaka kope la Furaha likanyooka.*

*"Simu yako iliita usiku," alisema kwa sauti ileile. "Nilipokea, usisumbuke."*

*"Nani alipiga?"*

*"Inama, mutoto wangu. Huku nyuma sijafika."*

Tazama mambo mawili katika kipande hicho. La kwanza, sauti ya mama haikubadilika baada ya jirani kuondoka. Kama ingebadilika, msomaji angepata uhakika, na uhakika hupunguza hofu. La pili, swali la Furaha halikukataliwa. Lilijibiwa kwa ombi la kawaida kabisa, ombi ambalo kila binti aliyewahi kusukwa amelisikia mara elfu, na kwa ombi hilo kichwa kikashuka chini. Unapoandika matukio yako, tafuta maombi ya namna hiyo: njoo ule, vaa sweta, lete mkono nione, usiende peke yako. Kila moja linaweza kuwa malezi, na kila moja linaweza kuwa kufuli.

Dawa, maombi, na kile "alichokuja nacho"

Mwaka 1977 daktari Mwingereza Roy Meadow alieleza, katika jarida la kitabibu, habari za akina mama waliotunga au kusababisha magonjwa ya watoto wao na kuwapeleka hospitali hadi hospitali. Tangu hapo mama mwenye kijiko cha dawa amejaa katika hadithi za kutisha, na binafsi nimechoka naye. Ukimtumia, usitaje majina ya dawa wala vipimo, kwa kuwa hofu iko kwenye mkono unaosogeza kijiko, na msomaji wako hahitaji maelekezo.

Hapa kwetu kuna njia iliyo karibu zaidi, nayo ni chumba cha maombi. Mama mwenye hofu kuhusu binti yake hana haja ya daktari. Anaweza kupata kundi zima la watu wema watakaofunga na kukesha pamoja naye. Shutuma ya uchawi ndiyo silaha nzito kuliko zote, na kwa sababu ni nzito lazima uishike kwa uangalifu. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto humwadhibu anayemshutumu mtoto kwa uchawi, na Furaha wetu, aliyekuwa mtoto mchanga Januari 2002, alitimiza miaka tisa wakati sheria hiyo ilikuwa tayari inafanya kazi. Basi mama mwerevu hatalitamka neno hilo. Atawaambia waombaji, huku machozi ya kweli yakimtoka, wamwombee mtoto "kwa ajili ya kile alichokuja nacho". Waombaji wataelewa wanavyotaka kuelewa, na mtoto aliyepiga magoti katikati yao atakua akijiuliza alikuja na nini, na kutoka wapi. Msomaji atakayefika mwisho wa kitabu atairudia sentensi hiyo na kugundua kwamba mama alikuwa akisema ukweli.

Hatua ya tano: mpe mama haki

Mama awe amesema kweli katika jambo moja zito. Kwa mfano, anamkataza Furaha kupanda meli ya usiku kwenda Bukavu, alikoahidiwa kazi na mwanamume aliyemfahamu kwenye simu. Msomaji anakasirika na kuona udhalimu uleule. Kisha, sura mbili baadaye, inadhihirika kwamba kazi hiyo haikuwepo, na kwamba mama alijua kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuahidiwa kazi ya namna hiyo alipokuwa na umri huohuo. Kuanzia hapo msomaji hana mahali pa kusimama, na kila katazo litapimwa upya. Kuhusu baba, mwondoe kwa sentensi mbili usirudi kwake. Akikaa kitabuni atageuka hakimu, na nyumba hii haitakiwi kuwa na hakimu.

Hatua ya sita: msimulizi ni Furaha, na shahidi wake ni mtuhumiwa

Msimulizi asiyeaminika hueleweka vibaya, kana kwamba ni lazima awe mwongo au mgonjwa. Furaha hasemi uongo. Shida yake ni kwamba kila anachokijua kuhusu utoto wake alisimuliwa na mama, na usiku wa Januari 2002, ambao ndio asili yake, hana hata kipande chake kimoja kilicho chake. Kwa hiyo usimwelezee msomaji kwamba simulizi ina mashaka; mwachie kitu kidogo kimwonyeshe. Mimi ningetumia kikwembe alichobebewa. Mara ya kwanza mama anaposimulia namna alivyokimbia na mtoto mgongoni, kikwembe ni cha buluu chenye ndege. Mara ya pili, miaka mingi baadaye, ni cha kijani, na Furaha haoni tofauti, ila msomaji makini anaona. Mara ya tatu kikwembe chenyewe kinatoka sandukuni wakati wa kufungasha mizigo ya kwenda Sake, nacho si cha buluu wala cha kijani, tena kimekatwa nusu kwa mkasi. Mtoto mchanga aliyebebwa na mwanamke mwingine hawezi kuchukuliwa pamoja na kikwembe chote.

Hatua ya saba: itoe siri mapema

Bila shaka umeshaitambua siri: Bahati alipotea katika msongamano wa 2002, na mama alirudi Goma na mtoto mwingine. Msomaji wa taharuki ataitambua pia, pengine kabla ya nusu ya kitabu, na ukijaribu kumzuia utamchosha. Mpe siri ikifika theluthi moja. Furaha ajue, na msomaji ajue kwamba Furaha anajua. Kuanzia hapo swali si tena yeye ni nani, bali mama atafanya nini atakapotambua kwamba binti ameshajua. Na kwa kuwa wanalala chumba kimoja, kila tendo la kawaida hupata uzito. Chai ikitiwa sukari nyingi kuliko jana, msomaji ataacha kupumua.

Msuko wa theluthi mbili zilizobaki unaweza kuufunga ndani ya usiku tano, kuanzia ule wa tarehe 22 hadi ule wa tarehe 26 Mei. Usiku wa kwanza anga ni jekundu na mama, kwa mara ya kwanza maishani, anamshika Furaha mkono kwa nguvu mpaka kucha zinaacha alama, kwani hatampoteza wa pili. Usiku unaofuata maji hayatoki bombani, na wanagawana bidoni moja. Ule wa tatu na wa nne ardhi haitulii, watu wanalala nje, na hapo ndipo siri isiyosemeka ndani ya kuta za mbao inapokosa hata kuta. Usiku wa tano, amri ya kuhama inawakuta macho. Usiweke mlipuko mwingine mwishoni. Mlima umeshafanya kazi yake. Barabara ya Sake, umati, na mkono mmoja unaoamua kushika au kuachia vinatosha kabisa, na utakayemwachia uamuzi huo awe Furaha.

Hatua ya nane: lugha tatu za mama mmoja

Usimulizi uwe katika Kiswahili sanifu, lakini mazungumzo yaachwe yawe ya Goma, yenye *mutoto* na *juu ya nini*, na hasa kile kiambishi cha mwisho, *-aga*, kinachobeba mazoea ya siku zote. "Ni mimi nakujuaga," anasema mama, na hakuna Kiswahili cha shuleni kinachoweza kuitafsiri sentensi hiyo bila kuipunguza makali. Mbele ya daktari au karani, mama yuleyule abadilike aongee Kifaransa cha adabu, kifupi, kisicho na kosa, hata Furaha ashangae alikijifunza wapi. Katika maombi atumie lugha ya kwao, Kinande au Mashi au Kihunde, ambayo hakumfundisha binti. Furaha awe amelala akisikia jina lake likitajwa katikati ya maneno asiyoyaelewa.

Hatua ya mwisho: kusahihisha

Rasimu ikikamilika, iache mwezi mmoja. Ukirudi, ondoa kwanza kila sentensi inayotaja hofu kwa jina lake, pamoja na kila radi na kila paka mweusi. Kama mama uliyemwandika ana chochote kutoka kwa mama yako mwenyewe, badilisha kazi yake, mtaa wake na kovu lake, kwa sababu Goma ni mji mdogo kuliko unavyoonekana. Mpe msomaji aliye mama na msomaji aliye binti, kila mmoja kwa wakati wake, uwaombe waweke alama ya penseli mahali walipotaka kumtetea Mama Bahati. Ukipata karatasi isiyo na alama hata moja, rudi hatua ya tano.

Kisha fanya jaribio la mwisho. Nakili maneno yote anayoyasema mama, hayo peke yake, kwa mpangilio wake, bila usimulizi na bila majibu ya binti. Mpe mtu asiyeijua hadithi ayasome kwa sauti, umwulize ni nani anayezungumza. Akikujibu kwamba ni mama anayempenda sana mwanawe, ipeleke kazi kwa mchapishaji. Akikujibu kwamba ni mchawi, mkalishe Furaha tena chini, mpe mama kitana, na uanze upya kuanzia kwa jirani aliyesimama penye uzio.